Taa Zilizoungua Mbele ya Watu



Nataka kuwasimulia kisa changu mwenyewe, wala si kisa cha kujisifu. Ni habari ya taa nne, batri moja, na waya mmoja uliofungwa mahali pasipo pake. Huenda kati yenu wako wanaotaka kutia taa katika nyumba ya masomo, kama sisi tulivyotaka. Wasome kwanza habari hii, wasije wakalipa bei niliyolipa mimi.

Mimi ni katekista katika kituo kimoja kando ya ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Nilipokuwa kijana nilikaa seminarini miaka kadhaa. Nilijifunza kilatini, nilijifunza falsafa, nikazoea kusema mbele ya watu. Mambo ya umeme sikujifunza. Tena yafaa niseme kweli: mtu aliyesoma sana vitabu ana kishawishi kimoja. Akiisha kusoma jambo katika karatasi, hudhani amekwisha kulijua.

Umeme wa serikali haufiki kwetu. Wengine wenu mnajua kwamba uko waya mkubwa, uliomalizwa mwaka 1982, unaotoka Inga mpaka Kolwezi, safari ya kilometa 1.700 na zaidi, nao unapita juu ya vijiji vingi ambavyo watu wake wanakula chakula cha jioni gizani. Sisi hatumo hata katika njia ya waya ule. Mwenye kutaka mwanga usiku sharti autafute mwenyewe: kwa koroboi, kwa mshumaa, ao kwa jua.

Basi, jioni tuna masomo katika nyumba iliyo karibu na kanisa. Watu wazima wanajifunza kusoma na kuandika, hasa mama. Vijana wa darasa la mwisho nao huja, wapate kujitayarisha kwa mtihani wa serikali. Koroboi zilitutia moshi machoni na mafuta yalikuwa ghali. Kikundi cha mama kikaanza kuchanga. Waliuza ndagala, wakaweka franka moja moja katika kikopo, muda wa miezi minane. Siku kikopo kilipojaa wakaniletea mimi, wakasema: "Mwalimu, wewe umesoma. Ututafutie taa."

Nilinunua vitu vyote kwa kijana mmoja mfanyabiashara wa soko letu: pano ya jua, batri ya volti 12 na amperi-saa 7, ledi kumi na mbili za wati moja moja, na vibao vinne vidogo vya kuziendesha. Kila taa ilikuwa na ledi tatu zinazofuatana katika waya mmoja, na kibao kimoja.

Hapa sina budi kueleza kidogo. Ledi si kama balbu ya zamani yenye uzi unaowaka. Ni kipande kidogo kinachotoa mwanga umeme ukipita ndani yake. Ledi nyekundu ilionyeshwa Marekani mwaka 1962 na Nick Holonyak. Ledi ya bluu ilikuwa ngumu zaidi. Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, pamoja na Shuji Nakamura aliyezaliwa Japani vilevile, walipewa zawadi ya Nobel mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Na taa nyeupe tunayoijua leo mara nyingi ni ledi ya bluu iliyofunikwa unga wa manjano. Bluu na manjano zikichanganyika, jicho linaona nyeupe.

Lakini ledi ina tabia moja mbaya. Inataka kama volti 3 hivi. Ukiizidishia volti kidogo tu, umeme unaopita ndani yake hauongezeki kidogo, unaongezeka sana. Ni kama mlango wa boma: ukiusukuma kidogo ng'ombe mmoja anatoka, ukiusukuma zaidi kidogo wanatoka wote. Kwa sababu hiyo ledi haifai kufungwa moja kwa moja katika batri. Katikati pawepo kibao cha kupima umeme na kuuzuia usizidi. Kibao hicho mafundi wanakiita dereva, na jina linafaa, maana kazi yake ni kushika usukani. Batri ikiwa na nguvu nyingi ao chache, dereva anapitisha umeme uleule.

Vibao vyetu vilikuwa na kidude cheusi chenye miguu mitano, kilichoandikwa PT4115. Kando yake iko rezista ndogo iliyoandikwa R330, maana yake ohmu 0,33. Hesabu yake ni rahisi: chukua 0,1, gawanya kwa ohmu za rezista ile, utapata amperi. Kwa hiyo 0,1 kwa 0,33 ni amperi 0,3, yaani miliamperi 300. Ndicho kipimo kilichofaa ledi zetu.

Haya yote niliyasoma. Karatasi niliielewa, ama nilidhani hivyo. Kila kibao kina mahali pa waya nne: mbili za kuingia kutoka kwa batri, chanya na hasi, na mbili za kwenda kwenye taa, chanya na hasi. Niliviweka vibao vyote katika sanduku moja karibu na batri, halafu nikapeleka waya juu darini. Waya ulikuwa haba. Nikawaza hivi: "Hasi ni hasi. Kwa nini nipeleke waya nane, na tano zinatosha?" Nikapeleka waya nne za chanya, moja kwa kila taa, na waya mmoja wa kurudia kwa taa zote, nikaufunga katika hasi ya batri. Nilifurahi kwa akili yangu. Wala sikujaribu hata taa moja. Nilitaka watu wote waone mwanga kwa mara ya kwanza siku moja.

Jioni ile nyumba ilijaa. Mama walivaa vitambaa vyao vya kikundi. Nikasema maneno mengi juu ya giza na mwanga, halafu nikabonyeza.

Taa ziliwaka sana, nyeupe kupita nyeupe, zikageuka rangi ya bluu kidogo. Watu wakapiga vigelegele. Vigelegele havijaisha nikasikia harufu ya kuungua, na taa zikazimika, moja, mbili, zote nne. Tukabaki gizani, na mtoto akalia.

Ndugu zangu, kosa langu la kwanza ni lile la waya. La pili ni baya zaidi. Mama mkubwa wa kikundi aliniuliza gizani: "Mwalimu, ni kitu gani?" Nami nikajibu upesi, kabla ya kufikiri: "Vitu vya sokoni ni vibaya, mama. Tumeuziwa vitu vibovu."

Neno lile lilitoka kinywani mwangu, nalo likatembea kwa miguu yake lenyewe. Kesho yake kijiji kizima kilijua kwamba yule kijana anauza vitu vibovu. Mama wakaacha kununua kwake hata sabuni na chumvi. Watoto wake wawili, waliokuwa wakija kwangu kwa mafundisho, hawakuja tena. Mimi nilifunga vibao vyangu katika sanduku, nikalisukuma chini ya kitanda. Fundi wa radio yuko karibu nasi, kijana mwenye akili, lakini sikwenda kwake. Niliogopa ataona. Ndivyo uongo ulivyo: ulinizuia hata kuuliza sababu. Majuma matatu nilikaa bila taa na bila maarifa.

Siku moja nilipita sokoni, nikaona meza ya yule mfanyabiashara haina mtu. Mwenyewe aliniita kwa heshima. "Jambo, Mwalimu. Nimewaza sana juu ya taa za mama. Sijui kosa langu ni lipi, lakini nitaleta vibao vingine kwa nusu ya bei. Sitaki watu waseme nimewaibia."

Sikuweza kumjibu. Nilirudi nyumbani, nikalivuta sanduku chini ya kitanda, nikaenda moja kwa moja kwa fundi wa radio.

Kijana yule alivitazama vibao, akanusa kimoja. "Mwalimu, ulizifunga namna gani?"

"Vitu vilikuwa vibaya," nikasema. Sauti yangu haikuwa na nguvu.

"Vibaya vyote vinne, kwa mara moja?"

Ndipo nikachukua kalamu nikamchorea waya zangu kama zilivyokuwa. Alipofika kwenye ule waya mmoja wa kurudia akaweka kidole juu yake, hakusema kitu. Kisha akanieleza. Katika kibao cha namna hii umeme unaingia kwa chanya, unapita katika rezista ya kupimia, unapita katika taa, unapita katika koili, halafu unaingia katika kidude cheusi. Kidude hicho ndicho kinachofungua na kufunga njia ya kwenda hasi ya batri, maelfu ya mara kwa nukta moja. Yaani hasi ya taa si hasi ya batri. Katikati yake anakaa dereva. Mimi nilipofunga hasi ya taa katika batri, umeme ulipata njia ya mkato, ukampita dereva pembeni. Batri ilikuwa na volti 12 na zaidi, ledi tatu zinataka kama 9 na nusu, na zilizozidi hazikuwa na wa kuzizuia.

"Kibao hakikukosa, Mwalimu," akasema. "Hakikupewa kazi."

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, niliwaomba watu wakae kidogo. Niliwaambia: taa niliziunguza mimi. Nilibana waya, sikujaribu, halafu nikamsingizia mtu asiye na kosa. Yule mfanyabiashara alikuwa amesimama nyuma. Nilimwomba msamaha mbele ya wote, kwa sababu jina lake nililiharibu mbele ya wote. Nikasema pia kwamba nimeuza mbuzi wangu mmoja, nitanunua vibao na ledi nyingine, tena kwake yeye.

Palikuwa kimya. Mama mkubwa akasimama. "Mwalimu, franka zetu zimeungua. Je, maarifa umeyapata?"

"Ndiyo, mama."

"Basi, waya zilizobaki tutanunua sisi. Lakini safari hii uziwashe kwanza sisi tukiwa kwetu." Watu wakacheka, nami nikacheka nao, ingawa machozi yalikuwa karibu.

Sasa nawaandikia namna tulivyojaribu mara ya pili, mimi na fundi, mchana, mlango umefungwa.

Kwanza, kibao kimoja na taa moja tu, juu ya meza kavu. Tulifunga taa kwenye kibao kabla ya kufunga batri. Utaratibu huu ni sharti: kwanza taa, batri mwisho, na wakati wa kufungua, batri kwanza. Kibao kikiwa na umeme bila taa, volti inapanda katika midomo yake, na ukiigusisha taa wakati ule inaweza kupigwa ghafula.

Pili, tuliweka mlinzi. Kati ya chanya ya batri na kibao fundi alifunga balbu ya gari ya volti 12 na wati 21. Waya zikiwa zimekosewa na umeme mwingi ukitaka kupita, balbu ile inawaka kwa nguvu na kuuzuia, kibao kinapona. Zikiwa sawa, balbu inabaki karibu giza. Ningekuwa na balbu ile siku ya kwanza, ningepoteza dakika moja tu, si vigelegele vya mama.

Tatu, tulipima. Mita ya umeme tuliifunga katika njia ya taa yenyewe, waya wake mwekundu katika tundu la amperi 10. Mtu asiiweke mita hivyo kati ya chanya na hasi ya batri, maana ni sawa na kuzigusanisha. Mita ilionyesha 0,29. Hesabu ilisema 0,30. Nawaambia kweli, nilifurahi kuliko siku niliyoshinda mtihani wa falsafa.

Nne, tulingoja. Ledi tulizifunga juu ya kipande cha sufuria ya zamani ya alumini, lipate kubeba joto. Baada ya nusu saa tukagusa: moto, lakini mkono unavumilia. Tukapima tena: 0,29. Ndipo tukaondoa balbu ya mlinzi, tukatia fyuzi mahali pake, tukaendelea na kibao cha pili. Kila taa ikapata waya zake mbili.

Likabaki jambo la kupunguza mwanga. Taa nne zikiwaka kwa nguvu zote zinakula kama amperi moja ya batri. Batri yetu ni ya amperi-saa 7, na haifai kuinywa zaidi ya nusu, isije ikazeeka upesi. Hiyo ni saa tatu na nusu. Wakati wa kiangazi inatosha. Lakini masika, mawingu yakikaa siku mbili juu ya ziwa, pano hairudishi kilicholiwa.

Mguu mmoja wa kile kidude cheusi unaitwa DIM. Ukiachwa bure, taa inawaka yote. Ukipewa volti 2,5, inawaka yote. Ukipewa 1,25, umeme wa taa ni nusu. Ukishuka mpaka 0,5, ni sehemu moja ya tano; na chini ya 0,3 taa inazimika. Tulichukua kile kifaa cha kuchajia simu katika gari, kinachotoa volti 5. Tukafuatanisha rezista ya ohmu 10.000 na potensiometa ya ohmu 10.000, ile ya kuzungushwa kama kitufe cha sauti cha radio. Rezista inabeba nusu ya volti, na kitufe kinatoa kuanzia 0 mpaka 2,5, hakiwezi kuzidi. Iko njia nyingine, ya kuwasha na kuzima mguu ule mara mia kadhaa kwa nukta, jicho lisione. Lakini inataka kifaa kingine, nasi hatukuwa nacho. Wakati wa kujaribu tulianza na kitufe chini kabisa, tukapandisha polepole, macho juu ya mita. Taa kali haitazamwi moja kwa moja.

Lakini kipimo cha mwisho hakikuwa cha mita. Tuliwaita mama watatu, usiku, tukawakalisha kwenye benchi la nyuma. Mmoja wao ni mzee, macho yake yamechoka. Niliandika mstari ubaoni kwa chaki, nikawaambia wausome, nami nikashusha kitufe kidogo kidogo. Walisoma. Nikashusha, wakasoma. Mita ilionyesha nusu ya umeme, nao hawakuona kama mwanga umepungua nusu. Ndivyo jicho lilivyoumbwa, linazoea. Nikashusha tena. Mama mzee akainua mkono: "Hapo, Mwalimu. Usishushe zaidi, herufi zinanikimbia."

Nilirudisha kidogo juu, nikapima: miliamperi 140 kwa kila taa. Nikatia alama kwa rangi nyekundu kando ya kitufe. Masika yote tunafundisha kwa alama ile, na batri inavumilia saa saba bila kulalamika. Taa hizi sasa zinamaliza mwaka wa pili.

Neno la hadhari. Batri ya volti 12 haiui kwa kugusa, lakini waya zake zikigusana zinaunguza mkono na hata nyumba, fyuzi isikosekane. Na vibao vinavyofungwa katika umeme wa mji wa volti 220, hivyo usivifungue kwa maarifa haya niliyoandika. Hivyo vinaua.

Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini ile taa ya kwanza iliyoungua naiweka juu ya meza yangu. Nawajibu kwamba ni ya kufundishia. Yule mfanyabiashara akipita huiona dirishani, hunisalimu, nasi tunaongea habari za watoto wake. Wote wawili wamerudi, na wanakaa benchi la mbele.